Mtakatifu Perpetua na Mtakatifu Felicitas, Mashahidi wa Afrika

Zamani sana, upande wa kaskazini wa Afrika, kando ya bahari, ulikuwako mji mkubwa jina lake Carthage. Ukitafuta mahali pake katika ramani, utapaona karibu na Tunis, mji mkuu wa nchi ya Tunisia. Siku zile mji ule ulitawaliwa na Waroma. Ulikuwa na bandari, masoko, mahekalu ya miungu na shule. Ulikuwa pia na uwanja mkubwa wa mviringo, uliozungukwa na ngazi za mawe ambapo watu maelfu waliketi kutazama michezo. Lakini michezo ile haikuwa kama mpira wenu. Watu walipigana kwa panga mpaka kufa, au walitupwa mbele ya wanyama wakali, na watazamaji wakapiga makofi.

Kaizari wa Roma alikuwa Septimius Severus. Yeye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Afrika, wa mji wa Leptis Magna, ulio katika nchi ya Libya ya leo. Msidhani kwamba kwa sababu hiyo Wakristu wa Afrika walipata huruma. Mkristu aliyeshtakiwa aliamriwa kutoa sadaka kwa miungu kwa ajili ya Kaizari. Akikubali, alifunguliwa. Akikataa, alikufa.

Basi mwaka 203 walikamatwa vijana watano waliokuwa wakijifunza dini. Walikuwa bado wakatekumeni. Majina yao ni haya: Revocatus na Felicitas, wote wawili watumwa, Saturninus, Secundulus, na Vibia Perpetua. Mwalimu wao, Saturus, hakuwapo nyumbani siku ile. Aliposikia kwamba wanafunzi wake wamefungwa, hakukimbia. Alikwenda mwenyewe kwa askari akajitoa, ili awe pamoja nao.

Perpetua alikuwa na umri wa miaka kama 22. Alikuwa wa jamaa ya watu wenye heshima, aliyesoma vizuri, ameolewa, na alikuwa na mtoto mwanamume anayenyonya bado. Baba yake na mama yake walikuwa hai. Alikuwa na ndugu wawili wanaume, na mmoja wao alikuwa mkatekumeni kama yeye.

Namna gani tunajua habari hizi? Maisha ya watakatifu wengine wa kale yaliandikwa baada ya miaka mingi, na wasimulizi waliongeza hili na lile, hata hadithi ikakua kama mti na mtu hawezi tena kuuona mzizi. Kwa Perpetua si hivyo. Alikuwa na elimu, akaitumia: mle gerezani aliandika kwa mkono wake mwenyewe mambo yaliyompata, siku kwa siku. Kitabu chake ni moja la maandiko ya kwanza kabisa ya mwanamke Mkristu yaliyotufikia. Saturus naye aliandika kidogo, na mambo ya siku ya mwisho yaliandikwa na Mkristu mwingine. Nitayafuata maandiko hayo, wala sitaongeza kitu.

Ukisoma aliyoandika Perpetua, utashangaa. Wanyama anawataja kidogo tu. Jambo lililomwumiza kuliko yote lilikuwa machozi ya baba yake.

Mzee huyu alikuwa mpagani. Alimpenda Perpetua kuliko watoto wake wanaume. Mara alipokamatwa, alikuja kumsihi aiache dini. Perpetua akamwonyesha mtungi uliowekwa chini pale, akamwuliza kama chombo kile chaweza kuitwa kwa jina lingine kuliko lile la kitu kilivyo. Baba akajibu kwamba haiwezekani. Basi binti akamwambia kwamba na yeye hivyo hivyo hawezi kuitwa kwa jina lingine ila Mkristu. Baba alikasirika sana, akamrukia kama mtu anayetaka kumng'oa macho. Kisha akaenda zake, ameshindwa. Perpetua hakuficha kitu: aliandika kwamba siku zile chache ambazo baba hakuja, alimshukuru Mungu na kupumzika. Katika siku hizo hizo walibatizwa.

Halafu wakatiwa gerezani. Perpetua alikuwa hajaona kamwe giza la namna ile. Joto lilikuwa kali, watu walisongana, askari waliwatesa ili wapate fedha. Na juu ya hayo yote, mtoto wake hakuwa naye, naye alifikiri juu yake usiku na mchana. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, waliwapa walinzi fedha ili wafungwa watolewe kwa saa chache mahali penye hewa nzuri zaidi. Pale Perpetua alimnyonyesha mtoto, aliyekuwa amekwisha kudhoofika kwa njaa. Alimwekea mama yake na ndugu yake amana ya kumtunza, lakini alihuzunika kuwaona wanavyohuzunika kwa ajili yake. Siku kadhaa zikapita, kisha akapata ruhusa ya kukaa na mtoto mle ndani. Mara akapata nguvu. Gereza lile lile lenye giza likawa kwake kama nyumba ya mfalme, hata hakutaka kukaa mahali pengine.

Ndugu yake akamshauri amwombe Mungu amwonyeshe kama watafunguliwa au watakufa. Perpetua akaomba, na usiku akaota ndoto. Aliona ngazi ya shaba, ndefu mpaka mbinguni, nyembamba hata watu wawili wasiweze kupanda pamoja. Pande zote mbili za ngazi zilifungwa panga, mikuki, kulabu na visu. Mtu akipanda bila kutazama juu, atachanwa. Na chini ya ngazi lililala joka kubwa. Saturus alipanda kwanza, akafika juu, akamgeukia na kumwita. Perpetua akakanyaga kichwa cha joka kana kwamba ndicho kidato cha kwanza, akapanda. Juu aliona shamba kubwa lisilo na mwisho, na katikati yake ameketi mzee mwenye nywele nyeupe, amevaa kama mchungaji, akikamua kondoo. Maelfu ya watu wenye mavazi meupe walimzunguka. Mchungaji akamkaribisha, akampa kipande cha maziwa ya mgando; naye akakipokea kwa mikono iliyokunjwa pamoja, akala. Alipoamka, kinywani mwake mlikuwa bado na kitu kitamu. Wakaelewa wote wawili, yeye na ndugu yake, kwamba hawatafunguliwa.

Ikaenea habari kwamba watahukumiwa. Baba akaja tena, amechoka kwa majonzi. Safari hii hakukasirika. Akamwomba azihurumie mvi zake. Akamkumbusha ndugu zake, na mama yake, na dada ya mama yake, na mtoto ambaye hataweza kuishi bila yeye. Akambusu mikono. Akajitupa chini miguuni pake, na badala ya kumwita binti akamwita bibi, kama mtumwa anavyomwita mke wa bwana wake. Fikirini, watoto, mzee mwenye heshima katika mji, akilia chini ya miguu ya mtoto aliyemzaa! Perpetua aliona uchungu mwingi, kwa sababu katika jamaa yake yote ni baba peke yake ambaye hataweza kufurahi kwa mateso yake. Akajaribu kumtuliza, akamwambia kwamba mambo yatakuwa kama Mungu anavyotaka, maana sisi si wa nguvu zetu wenyewe. Mzee akaondoka na huzuni yake.

Siku moja walipokuwa wakila chakula cha mchana, waliitwa ghafula, wakapelekwa barazani mbele ya watu wengi. Liwali alikuwa amekufa, na mahali pake alihukumu mtu jina lake Hilarianus. Wale wengine waliulizwa, wakakiri kwamba ni Wakristu. Zamu ya Perpetua ilipofika, mara baba akatokea na mtoto mikononi, akamvuta ashuke, akamsihi amhurumie kitoto. Hilarianus naye akamwambia azihurumie mvi za baba yake na uchanga wa mtoto, atoe sadaka kwa ajili ya Kaizari. Perpetua akakataa. Akaulizwa kama ni Mkristu, akajibu ndiyo.

Baba hakuacha kumvuta. Hilarianus akaamuru asukumwe chini, na mzee akapigwa fimbo mbele ya watu wote. Perpetua aliandika kwamba pigo lile lilimwumiza kana kwamba alipigwa yeye mwenyewe. Kisha hukumu ikatolewa: wote watupwe kwa wanyama. Wakarudi gerezani wakifurahi. Lakini Perpetua alipomtuma shemasi Pomponius kumwomba baba yake ampe mtoto anyonye, mzee alikataa. Tangu siku ile mtoto hakutaka tena maziwa, wala matiti ya mama hayakumwuma. Perpetua aliona katika jambo hilo mkono wa Mungu, ili asiteseke kwa wasiwasi na kwa maumivu pamoja.

Baada ya siku chache, alipokuwa akisali, likamtoka kinywani jina la Dinocrates. Huyu alikuwa mdogo wake, aliyekufa akiwa na miaka 7 kwa kidonda kibaya cha uso. Usiku ule alimwona katika ndoto: mtoto alitoka mahali penye giza, ana kiu, anasimama karibu na birika lililojaa maji, lakini ukingo wake ulikuwa juu kuliko kimo chake, naye hakuweza kunywa. Perpetua akamwombea mchana na usiku kwa machozi. Siku nyingine alimwona tena: ni safi, amevaa vizuri, kidonda kimekuwa kovu tu, ukingo wa birika umeshuka, na mtoto anakunywa, kisha anakwenda kucheza kama wanavyocheza watoto. Kwa hiyo Wakristu wengi wameipenda habari hii wanapowaombea marehemu wao.

Siku ya michezo ilipokaribia, baba alikuja kwa mara ya mwisho. Aling'oa ndevu zake na kuzitupa, akalala kifudifudi, akailaani miaka yake. Perpetua alimlilia uzee wake. Hakuandika tena neno juu yake baada ya hapo.

Siku moja kabla ya michezo aliota kwamba anapigana uwanjani na mtu mkubwa wa Misri, mwenye sura ya kutisha, naye akamwangusha na kukanyaga kichwa chake, akapewa tawi lenye matunda ya dhahabu. Akaandika ndoto hiyo, akamalizia kwa kusema kwamba mambo ya kesho, atakayetaka ayaandike. Akaweka kalamu chini.

Sasa tumtazame Felicitas. Vitabu vingine husimulia kwamba alikuwa mtumwa wa Perpetua, naye mwenyewe amepakwa rangi katika picha akisimama nyuma ya bibi yake. Andiko la kale halisemi hivyo. Linasema tu kwamba alikuwa mtumwa pamoja na Revocatus. Tena msimchanganye na Mtakatifu Felicitas wa Roma, ambaye wanasema alikuwa mama wa wana 7.

Felicitas alikuwa na mimba ya miezi 8. Sheria ya Waroma ilikataza kumwua mwanamke mwenye mimba. Basi alihuzunika sana, kwa sababu wenzake watakwenda, naye atabaki kuuawa siku nyingine pamoja na wauaji na wanyang'anyi. Wenzake nao hawakutaka kumwacha njiani peke yake. Siku tatu kabla ya michezo wakaomba wote kwa moyo mmoja, na mara baada ya sala uchungu wa kuzaa ukamshika. Alipolia kwa maumivu, mlinzi mmoja akamcheka: kama analia sasa, atafanya nini mbele ya wanyama? Felicitas akamjibu kwamba sasa anateseka yeye peke yake, lakini siku ile mwingine atakuwa ndani yake akiteseka kwa ajili yake, kwa sababu naye anateseka kwa ajili ya huyo. Akazaa mtoto mwanamke. Mama mmoja Mkristu akamchukua mtoto huyo, akamlea kama wake.

Secundulus alikufa gerezani, hakuuona uwanja. Na mkubwa wa walinzi, askari jina lake Pudens, alikuwa amewatazama kwa siku nyingi watu hawa wasiotukana wala kulaani. Alianza kuwaheshimu, akawaruhusu ndugu zao waingie kuwatazama. Mwishowe aliamini.

Ikafika tarehe 7 Machi. Michezo ile ilifanywa kwa kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya Geta, mwana wa Kaizari. Mashahidi walitoka gerezani wakitembea kwa furaha kama watu wanaokwenda arusini. Felicitas alikuwa ametoka kuzaa juzi tu. Perpetua alikuja nyuma yao, na watu hawakuweza kuvumilia macho yake. Mlangoni askari walitaka kuwavika nguo za miungu: wanaume kama makuhani wa Saturnus, wanawake kama makuhani wa Ceres. Perpetua akakataa kabisa. Alisema kwamba wamekubali kufa kwa ajili hiyo hiyo, ili wasifanye mambo kama hayo. Mkubwa wa askari akaona neno lake ni la haki, wakaingia na nguo zao wenyewe. Perpetua aliimba zaburi.

Wanaume walipewa chui, nguruwe mwitu, na dubu, mnyama mkubwa mwenye manyoya mengi asiyekaa katika misitu yetu. Saturus alimwogopa dubu kuliko wote. Akafungwa mbele ya tundu lake, na dubu akakataa kutoka. Nguruwe naye badala ya kumjeruhi Saturus alimchoma mtu aliyemleta.

Kwa wanawake wawili lilitayarishwa jambo la kudhihaki: ng'ombe jike mkali. Waliletwa uchi, wamevikwa wavu tu. Hapo hata watu wale, waliozoea damu, waliona aibu. Walimwona mmoja msichana mwororo, na mwingine matiti yake yanatiririka maziwa ya uzazi. Wakapiga kelele, na wanawake wakarudishwa kuvikwa kanzu. Ng'ombe alimtupa Perpetua kwanza. Alianguka ubavuni, kanzu ikachanika. Akaivuta afunike paja lake. Akatafuta pini ya nywele, akazifunga nywele zilizofumuka, maana katika nchi yao mwanamke aliyefiwa ndiye aliyeacha nywele wazi, naye hakutaka aonekane kama mwenye matanga. Kisha akamwona Felicitas amelala chini. Akamwendea, akamshika mkono, akamwinua, wakasimama pamoja, bibi na mtumwa, katikati ya uwanja.

Watu wakaona imetosha kwa sasa. Wakawapeleka kwenye mlango ulioitwa mlango wa uzima. Hapo Perpetua alikuwa kama mtu anayeamka usingizini. Aliuliza lini watatupwa mbele ya ng'ombe, wala hakuamini kwamba yamekwisha pita mpaka alipoona alama mwilini mwake. Akamwita ndugu yake, akawaambia yeye na mkatekumeni Rusticus wasimame imara katika imani, wapendane, wala mateso yao yasiwakwaze.

Saturus aliumwa na chui mara moja tu, akalowa damu yote. Alipokuwa akifa, aliomba pete ya Pudens, akaichovya katika kidonda chake, akamrudishia iwe ukumbusho.

Mwishoni watazamaji walitaka wote walioumizwa waletwe katikati wauawe kwa upanga mbele ya macho yao. Mashahidi wakaamka wenyewe, wakaenda, wakabusiana kwanza ile busu ya amani. Wengine walikufa kimya bila kujitikisa. Lakini Perpetua alipata kijana asiyezoea kazi yake, aliyempiga upanga juu ya mfupa. Akapaza sauti kwa maumivu. Kisha yeye mwenyewe akaushika mkono wa kijana ule uliokuwa ukitetemeka, akauongoza mpaka shingoni pake.

Wakristu wa Carthage hawakuwasahau. Juu ya kaburi lao walijenga kanisa kubwa, na kila mwaka siku yao ilipofika kitabu chao kilisomwa mbele ya watu. Miaka 200 baadaye Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, alihubiri katika sikukuu yao. Alipenda kuonyesha kwamba majina yao mawili yakiunganishwa, katika Kilatini yana maana ya heri ya daima. Watu walikipenda kitabu kile hata Augustino akalazimika kuwaonya kwamba si sawa na Maandiko Matakatifu. Huko Roma majina yao yalikwisha kuandikwa katika kalenda ya mwaka 354. Katika mji wa Ravenna, nchi ya Italia, nyuso zao ziliwekwa ukutani kwa vipande vidogo vya mawe ya rangi, nazo zinaonekana hata leo.

Baadaye vita vilipita juu ya Carthage, mji ukabomolewa, na mchanga ukafunika kanisa lile. Hakuna aliyejua tena mahali pake. Ilikuwa mpaka siku za Kardinali Lavigerie, yule aliyeanzisha Shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868 katika Algeria, na ambaye wana wake walifika pwani ya ziwa Tanganyika mwaka 1879. Mmoja wa mapadri hao, Alfred Louis Delattre, hakutumwa ziwani. Alibaki Carthage miaka mingi akichimba ardhi na kutafuta mambo ya kale. Mwaka 1907, katika magofu ya kanisa la kale, aliokota vipande vya jiwe lililovunjika. Akaviunganisha kimoja kimoja, kama mtu anayeunganisha vigae vya chungu, na herufi zikaanza kusomeka: Saturus, Saturninus, Revocatus, Secundulus, Felicitas, Perpetua.

Ukikuta misale ya zamani nyumbani kwa babu, utaona sikukuu yao imewekwa tarehe 6 Machi. Hiyo ni kwa sababu tarehe 7 ilikuwa ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Mwaka 1969 walirudishiwa siku yao wenyewe, tarehe 7. Na siku yoyote, padri akisali sala ile ya kale ya Misa inayotumiwa Roma, sikilizeni vizuri anapotaja majina ya mashahidi wanawake. Agata, Lusia, Anyesi na Sesilia wote wanakuja baadaye. Wa kwanza ni wale wawili wa Carthage, na kati yao jina la mtumwa linatangulia, halafu la bibi: Felicitas, Perpetua.